Shayiri Namba Arobaini na Moja Mbele ya Kamati

Jumanne, tarehe 7 Februari. Asubuhi ilianza na baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri, na theluji kavu ilitambaa barabarani kama unga uliomwagika. Niliwasha gari la kituo cha utafiti, na wakati linapata moto nikaomba: Bwana, leo mfungue kinywa Dakta Tveit.

Dakta Halvor Tveit alikuwa ametumia miaka kumi na miwili kutafuta shayiri ambayo masuke yake hayaoti ukungu. Mimi, Arlys Dockter, ni mke wa mkulima. Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka hamsini na mmoja, nikasoma habari za mimea, na sasa kazi yangu kituoni ni kuhesabu masuke ya Dakta. Mbegu yake namba arobaini na moja ilibakiza misimu miwili ya majaribio. Fedha za jimbo zilikuwa zinaisha mwezi wa sita. Kamati ya baraza la kutunga sheria ikikataa kuongeza, ploti zake za majaribio zingefukiwa kwa plau na mbegu ingeishia kwenye bahasha kabatini.

Mimi na Dakta tulifika Bismarck, makao makuu ya jimbo, saa tatu. Mwenyekiti, Seneta Ketterling, mfugaji mzee mwenye mikono mikubwa, alimwita Dakta mezani.

"Haya, Dakta. Hiyo shayiri yako ikoje?"

Dakta alifikiri. "Si mbaya sana, Mheshimiwa."

Sisi tuliozaliwa huku tulielewa. Hiyo ni sifa kubwa, ambayo baba yangu aliitoa mara mbili tu maishani, na moja ilikuwa siku ya harusi yangu. Lakini Seneta Pruett, aliyehamia huku kutoka Texas watu walipofuata visima vya mafuta, aliweka kalamu chini.

"Miaka kumi na miwili, na si mbaya sana? Kwetu mtu akisema hivyo anaomba radhi."

"Mkeo akikupikia unamwambiaje?" Ketterling alimuuliza Dakta.

"Namwambia kinalika, Mheshimiwa."

Watu walicheka. Pruett hakucheka. "Na kwa nini jimbo lilipe? Kampuni za mbegu zina fedha nyingi kuliko sisi. Mimi nitapiga kura ya hapana."

Maseneta wawili waliitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Dakta alikunja karatasi zake, akarudi kukaa.

"Ipo sauti nyingine ya kuunga mkono?" mwenyekiti aliuliza, kama inavyoulizwa kwa kila mswada, na raia yeyote anaruhusiwa kusimama. Nilikuwa nimeomba kinywa cha Dakta kifunguke. Niliona miguu yangu ndiyo inayoinuka.

"Mheshimiwa Pruett, nilimuuliza mwalimu wangu wa jioni swali hilohilo. Akaniambia kampuni hupenda mbegu ambayo mkulima atairudia dukani kila mwaka. Shayiri yetu tunaiweka ghalani, tunapanda tena. Nani atasubiri miaka kumi na minne kwa mteja wa kununua mara moja?"

"Endelea, mama," alisema Pruett.

"Mwaka juzi mvua ilinyesha siku tisa wakati shayiri inatoa maua. Mume wangu alipeleka mavuno yake kiwanda cha kimea cha bia, yakakataliwa yote kwa ajili ya ukungu. Tukalisha ng'ombe. Ploti za Dakta ziko ng'ambo ya uzio wetu, mvua ileile. Katika masuke mia ya shamba letu, sitini na matatu yalikuwa na ukungu. Katika mia ya namba arobaini na moja, manne. Nilirudia kuhesabu kwa sababu sikuamini, kisha nikalia bandani peke yangu."

Dakta alitazama viatu vyake kana kwamba nimemvua shati mbele za watu.

"Dakta, ni kweli?" Pruett aliuliza.

"Ni kweli."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliandika kwenye ripoti. Ukurasa wa kumi na tisa."

"Ukurasa wa kumi na tisa!" Pruett alishika kichwa. "Mwenyekiti, nabadilisha kura yangu, lakini kwa sharti. Kodi ni ya watu. Mtu huyu awaambie mwenyewe alichofanya nayo, kwa mdomo. Asimtume mama huyu."

Karani alisoma majina. Watano walisema ndiyo, wawili hapana. Fedha za miaka miwili zilipita kamati, sharti likiwa ndani, na kilichobaki ni baraza zima. Nilimshukuru Mungu kimyakimya, lakini Ketterling hakugonga nyundo yake kufunga kikao.

"Tunakusubiri, Dakta. Wote hapa ni mashahidi."

Dakta Tveit alisimama. Masikio yake yalikuwa mekundu. Alishika mgongo wa kiti changu kwa mikono miwili, akainua uso.

"Kila Desemba," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "katika kila kaunti inayolima shayiri, nitasimama mbele ya wakulima mimi mwenyewe. Kilichofaulu nitasema kimefaulu. Kilichoshindwa nitasema kimeshindwa, na kwa nini. Naahidi mbele yenu nyote."