Mpira wa Redio ya Shangazi

Kwa wiki tatu sikuwa na kazi nyingine. Nikitoka shule, moja kwa moja hadi saluni ya shangazi, nakaa nyuma ya pipa la maji na gitaa mapajani, sikio limebanwa kwenye redio yake ya kaseti. Wateja walilalamika. Shangazi aliwaambia wavumilie tu, maana mimi nikishaamua jambo hata yeye hanigeuzi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: bendi ya roki ya mtaani kwetu ilitafuta mpiga gitaa wa pili. Kiongozi wao, tuliyemwita Manywele, alinipa kaseti yenye wimbo mmoja, akasema niujue, kisha nije Jumamosi kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea, walikofanyia mazoezi. Nafasi ilikuwa moja, nami niliitaka kuliko kitu chochote.

Wimbo ulikuwa mzito, wa polepole, na sauti yake iko chini mno. Nyuzi zangu hazikufika huko, kwa hiyo nikazilegeza zote mpaka zikaelewana na redio.

Jumamosi nilipiga mistari miwili tu, Manywele akashika mbavu. Mpiga ngoma aliinama asionekane akicheka.

"Dada, hii ni roki," Manywele alisema. "Wewe unabembeleza mtoto alale. Na hizo nyuzi zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo."

Akaniwekea wimbo kwenye redio yao. Ulikimbia, ulipiga kelele, ulikuwa juu kabisa, na ulikuwa ule ule. Niliondoka uso ukiniwaka kwa aibu, nikambeba mtuhumiwa, yaani redio ya shangazi, hadi kwa fundi redio wa jirani.

Fundi aliifungua, akanionyesha mpira unaozungusha kaseti. Ulikuwa umelegea vibaya, na kila wimbo humo ndani ulijikokota. Shangazi alikuwa ameshauzoea mwendo huo. Fundi akauliza nilijifunza nini hasa kwa redio hiyo. Nikampigia ule wimbo kwa hasira, nikingoja kicheko kingine.

Hakucheka. Aliweka bisibisi chini, akaingia ndani, akarudi na santuri ya zamani yenye jalada lililochanika. Akaiweka kwenye gramafoni, nikasogeza sikio. Mzee mmoja, gitaa moja, mguu unagonga sakafu. Ulikuwa wimbo wangu, polepole, chini kule kule nilikoshusha nyuzi.

"Hao wa roki wa kwenye kaseti yako walimsikia huyu wakiwa watoto," fundi alisema. "Wakauchukua wimbo wake, wakaukimbiza. Hukukosea, mwanangu. Umemfikia kwa njia za panya tu."

Nilitaka kulia, na papo hapo nilitaka kurudi karakana. Fundi alishatoa mpira mpya, nikamwomba asiufunge kwanza. Siku nne, nikitoka shule, nilishinda dukani kwake na yule mzee wa santuri, nikajua mambo ambayo redio mbovu haikuniambia: pale anapochelewa makusudi, pale anapouvuta uzi mmoja mpaka ukalia kama mtu. Ndipo nikasema sasa funga. Siku mbili zilizobaki niliukimbiza wimbo hadi vidole vikachubuka.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyenialika. Niliingia hivyo hivyo, na nyuzi zangu zimelegea. Manywele alianza kucheka, sikumtazama. Nikapiga kama mzee, mguu ukigonga sakafu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mpiga ngoma akaingia bila kuombwa. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza, mpaka tukawa tunakimbia katika kelele zile zile za kaseti, ila sasa nilijua zimetoka wapi.

Tulipomaliza, fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama mlangoni, miwani yake ya kazi juu ya kipaji cha uso. Manywele alichukua gitaa lake, akajaribu ule mwanzo. Haukutoka. Akajaribu tena, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, unaanzia wapi.

"Legeza nyuzi kwanza," nikamwambia, nikavuta kiti.