Dakika Sita za Kusukuma Mafuta

…na bado anapiga mluzi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, anafungasha vikombe vyake kwenye boksi huku anapiga mluzi utadhani anakwenda likizo ziwani Balaton, huyu Dénes, huyu huyu aliyemharibia kazi ya miezi minane, na Emőke hawezi hata kugeuka amwambie nyamaza, maana mashine imeshaanza kuyasukuma mabomba mawili ya sindano, moja lina mafuta yaliyoyeyushwa kwenye spiriti, la pili lina maji yenye ukali kidogo na ndani yake ujumbe wa vinasaba unaotakiwa ufike kwenye ini la mgonjwa, vikutane kwenye kile kipande cha kioo chenye mifereji myembamba kama unywele, mafuta yaufunike ujumbe, yawe vitone ambavyo jicho halivioni, mradi mkondo usikatike, ukikatika umemwaga yote, dakika sita, basi macho hapa, Emőke, achana naye… “Emőke, binti, hii redio nikuachie?” …uniachie, umeniachia panya kumi na mmoja waliokufa, hao hawatoshi, vitone vikubwa mara nne ya vinavyotakiwa, vimegandana kama maziwa yaliyokatika, vikawaziba mapafu maskini wale… “Iache hapo hapo, mjomba,” akasema, na sauti yake ikatoka na adabu kuliko alivyotaka.

Dakika tano. Jana Profesa Halmos alisema mbele ya wote, mafuta yaliingiwa na unyevu, mtu alifungua kichupa kikiwa bado baridi, na hilo ni somo la siku ya kwanza, kichupa kikitoka kwenye friza unakiacha mezani nusu saa na kifuniko chake, ukikifungua baridi hewa inaingiza maji na mafuta yameharibika, mtoto wa shule anajua, nani anapima mafuta humu ndani? Na Dénes, mikono nyuma, anaangalia viatu vyake, “Mimi ndiye ninayepima, profesa,” basi, hakujitetea hata kidogo, na leo saa nne atasaini barua ya kuondoka, umebaki mwaka mmoja tu apate pensheni, na Emőke alifurahi, ndiyo, kwa nini aone haya, alifurahi mpaka tumboni, akasema moyoni mwache aende, miaka thelathini maabara halafu unafungua kichupa kama unafungua chupa ya bia, ulevi wako huo, mzee, pálinka yako ya aprikoti unayoipika nyuma ya nyumba, kila mtu ikifika siku ya jina lake kwenye kalenda, siku ya kupongezwa, wewe na chupa, wewe na chupa, hata siku ya jina langu, Machi ishirini na tatu, saa tatu asubuhi watu wako kazini, wakaingia wote na sinia la pogácsa, vile vimkate vya chumvi, bado za moto, busu shavu hili, busu shavu lile, “Mungu akupe maisha marefu, Emőke,” wanaimba ovyo, na yeye anacheka, anawaambia subirini kidogo, nimalizie hapa kwanza, nakuja… amalizie nini?

Dakika tatu na nusu. Amalizie nini, Dénes ndiye aliyekuwa anamimina, glasi saba, alizunguka meza nzima na ile chupa, anamtania Halmos kwamba profesa anakunywa kama kuku, hakushika mizani asubuhi ile, hakuigusa kabisa, na ile ndiyo siku mafuta yalipopimwa, tarehe iko kwenye daftari, basi mizani alikuwa nayo nani, nani aliyekuwa anaharakisha ili akale pogácsa zikiwa moto… kulikuwa na karatasi ya kufutia mikono, ya maua ya njano, wamemletea na sinia, na kichupa mkononi mwake kilikuwa kinatoka jasho, lebo haisomeki, akakifuta kwa ile karatasi, akasoma, akafungua. Mpumbavu wewe, Emőke. Ulikifuta jasho kwa mkono wako ukakifungua, halafu jana umesimama pale umekunja uso, unamwangalia mzee wa watu anavyoangalia viatu vyake.

Na yeye anajua. Haiwezekani asijue, anajua alipokuwa amesimama na alichokuwa ameshika, na anajua mkataba wa Emőke unaisha Juni, loo, nani alimtuma, nani alimwomba ajitwike mzigo wa mtu, anamfanyia wema kama mtoto na kumwacha amchukie siku nzima…

“Yanakwenda vizuri?” Dénes amesimama nyuma yake, boksi kifuani.

“Mimi ndiye niliyekifungua, mjomba. Siku ya jina langu. Kilikuwa baridi.”

Mashine inanguruma. “Najua,” akasema Dénes. “Angalia mashine, binti.”

Na hapo ndipo Emőke alipokasirika kweli, kuliko jana, kuliko siku walipowatoa wale panya, shingo ikamwaka moto, akasema bila kugeuka, “Weka hilo boksi chini, na barua hiyo usiiguse.” Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu, na ofisi ya Halmos ilikuwa mlango wa tatu kutoka pale.