Mdhamini

Gari la kampuni lilipokata kona na kuingia kwenye mtaa wa nyumba za matofali mekundu, Pascal aliacha kutafuna mkate wake. Aliijua nyumba ile. Aliujua na mti wake, ule ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya nchi hii: mnene, umepasuka katikati, umelalia paa kama mlevi aliyemwegemea rafiki. Akavuta kofia ngumu mpaka kwenye nyusi, ingawa walikuwa bado ndani ya gari.

Kampuni hiyo ya kukata miti ilimwita kwa simu asubuhi, kila alipokosekana mtu wao mmoja. Jina lake halikuandikwa popote. Jioni msimamizi alimlipa mkononi, nyuma ya gari, na alimwita Paul, kwa sababu aliyeshika nafasi hiyo kabla yake aliitwa Paul.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Wamaitha, muuguzi, Mkenya, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao katika kitongoji cha Weston. Majira ya kuchipua, baada ya ibada, alikuwa amesema anatafuta mtu mwaminifu wa kuangusha mti kabla haujaangukia chumba cha wanawe. Pascal alinyoosha mkono. Kule kwao Masisi alikuwa amekata mikaratusi tangu ndevu hazijamwota. Mama Wamaitha akafurahi, kisha akamuuliza kama ana bima. Pascal hakulijua vizuri neno hilo. Kwao wamezoea kusema asiransi. Mama alipoona hajaelewa, akataka kumsaidia.

"Dhamana, ndugu yangu. Kitu kikiharibika, kuwe na mtu wa kuwajibika."

Hapo Pascal akaelewa, na akaona ni haki. Fundi asiyejulikana haingii uani kwa watu bila mtu wa kumsimamia. Jumamosi iliyofuata alivaa suti, akamwomba Mzee Elysée, shemasi, naye avae yake. Walikaa ndani ya basi wima, kama watu wanaokwenda kuposa. Mlangoni mzee alivua kofia. Alisema amemjua Pascal tangu kambi ya wakimbizi, hajawahi kugusa cha mtu, na kosa lolote atakalofanya katika nyumba hii ni kosa la Elysée.

Mama Wamaitha alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akacheka. Hakukusudia ubaya, kicheko kilimponyoka, akakifunika kwa kiganja. Aliwakaribisha chai, akawaeleza taratibu bima ni nini: kampuni, cheti, fidia. Mzee Elysée alisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini.

"Kwa hiyo mimi si kitu," akasema.

Wakati wa kurudi hawakutazamana. Tangu hapo Pascal alihamia viti vya nyuma kanisani, na ibada ilipokwisha alikuwa wa kwanza kutoka.

Sasa alisimama uani kwa mama huyo, amejifunga mkanda wa kupandia ambao nyuzi zake zilikuwa zimeanza kuchomoza. Mama Wamaitha alitoka amevaa koti juu ya nguo zake za hospitali. Msimamizi akamwonyesha cheti kwenye simu. Alikisoma bila haraka, kama mtu aliyefanya kila kitu sawasawa, na kweli alikuwa amefanya. Akauliza kwa Kiingereza kama hata huyu anayepanda amekatiwa bima.

"Wote," msimamizi alisema. "Paul, mwambie mama."

Pascal akainua uso. Aliona midomo ya Mama Wamaitha ikianza kulitamka jina lake la kweli, kisha ikajifunga.

"Niko nayo, mama," akasema kwa Kiswahili.

Mama Wamaitha alijua hana. Pascal alijua kwamba anajua. Juu yao tawi kubwa lilikwaruza vigae, dirisha la chumba cha watoto likiwa chini yake.

"Haya," mama akasema. "Panda polepole." Akaingia ndani.

Alipanda polepole. Aliteremsha matawi madogo moja moja kwa kamba, na hakuna hata moja lililogusa paa. Lakini tawi la mpasuko lilikuwa limeoza kwa ndani. Msumeno ulipolifikia, lilikatika kabla ya wakati wake, likajizungusha, likambana mkono kwenye shina, kisha likaenda kuanguka juu ya uzio wa jirani. Alishuka kwa mkono mmoja. Hakupiga kelele, aliona haya kupiga kelele katika nyumba hiyo.

Mama Wamaitha alikuja mbio na taulo la jikoni na mwiko. Akamkalisha ukingoni mwa barabara, akaufunga mkono ule juu ya mwiko, huku akisema mfupa umevunjika, aende hospitali sasa hivi.

"Pole, ndugu yangu," alinong'ona. "Pole sana."

Msimamizi alisikia sauti, si maneno. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe mnajuana. Lugha moja. Basi huyu ni mtu wako, alikuja kukusaidia. Mimi nilimkuta hapa."

Mikono ya Mama Wamaitha ikasimama juu ya fundo. Pascal aliitazama. Kitu kilikuwa kimeharibika, na sasa alitafutwa mtu wa kuwajibika.

"Simjui," mama akasema kwa Kiingereza. "Nimemfunga kwa sababu mimi ni muuguzi."

"Na wewe, unamjua?" msimamizi akamuuliza Pascal.

Pascal alimkumbuka Mzee Elysée, kichwa wazi, mbele ya mlango huu huu.

"Hapana," akajibu.

Mama Wamaitha akalikaza fundo, akainuka bila kumtazama, akarudi ndani. Msimamizi akaenda kwenye uzio. Mbao zilikuwa zimevunjika. Alizipiga picha upande huu na upande ule, akampa jirani mkono, akamhakikishia kwamba kila ubao utalipwa, ndiyo maana ya kuajiri watu wenye bima. Kisha akarudi nyuma ili uzio wote uonekane. Akashusha simu.

"Paul, sogea kidogo. Unaingia kwenye picha."

Pascal akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, akasogea.