Vidole vya Bibi

Mbwa yule hakuwa na tabia ya kupukutisha manyoya, na hilo ndilo lililomwokoa. Siku alipoletwa, mdogo kiasi cha kulala ndani ya kofia, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Siku nitakayookota unywele mmoja kwenye kochi langu, yeye na aliyemleta watalala nje!"

Aliyemleta alikuwa Bibi, mama mkwe wake, kwa hiyo tishio lile lilichekwa na kila mtu, akiwemo aliyelitoa. Miaka sita ikapita na kochi likabaki safi. Mbwa akaitwa Pamba kwa weupe wake, na nyumba nzima ikaamini kwamba Mungu amewajalia mnyama asiyehitaji kazi yoyote.

Kisha Bibi akateleza bafuni akavunjika nyonga. Kabla hajapelekwa hospitali alimshika mkono mjukuu wake, binti aliyeitwa Msomi tangu amalize chuo kikuu, nusu kwa sifa, nusu kwa utani.

"Mke mwenza," Bibi alimwambia, maana ndivyo walivyotaniana, "nakuachia Pamba. Nikirudi nimkute kama nilivyomwacha."

Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia, akiona mwanga na vivuli tu. Hata Pamba alimtambua kwa kumpapasa tu. Msomi alilielewa hilo, akaapa moyoni kwamba hata akosee mambo yote duniani, hili hatalikosea.

Kila asubuhi alimpigia Pamba brashi mpaka mgongo ukang'aa. Wiki ya sita, habari zilipokuja kwamba Bibi anarudi Jumamosi, alimwogesha kwa sabuni nzuri akamwacha akauke juani. Akamnyanyua amkumbatie. Ndipo vidole vyake vilipogusa kitu kigumu nyuma ya sikio. Akapekua kwapani, akapekua tumboni. Chini ya weupe ule laini, manyoya yalikuwa yameshikamana na ngozi kama zulia la mlangoni.

Ijumaa asubuhi alikuwa kwa kinyozi wa mbwa, mwanamke wa makamo mwenye mikono minene, katika chumba kidogo kilichonuka shampuu na mbwa waliolowa. Kinyozi alimpandisha Pamba mezani, akachomeka kitana cha chuma mgongoni. Kikaingia nusu, kikagoma.

"Ulikuwa unapiga brashi juu juu, dada."

"Kila siku! Lakini huyu si wa wale wasiopukutisha?"

"Nani kakudanganya? Kila chenye nywele hupukutisha, hata wewe. Ila za huyu zikikatika hazifiki sakafuni. Zinanaswa na nyingine humo humo, zinasokotana. Halafu ukamwogesha bila kumchana kwanza, si ndiyo?"

Msomi aliinamisha kichwa.

"Basi maji yamekaza mafundo. Dawa ni mashine, tumnyoe mpaka chini."

"Hapana, tafadhali. Bibi yangu anarudi kesho, na haoni. Anamjua kwa manyoya haya. Jaribu kuchana."

Kinyozi alishusha pumzi, akaanza na fundo la kwapani, akilishikilia kwenye shina ili ngozi isivutike. Hata hivyo Pamba alilia, sauti nyembamba kama ya mlango unaohitaji mafuta. Hakung'ata. Aligeuza shingo akaulamba mkono wa Msomi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea na anaomba radhi.

"Acha," Msomi alisema, machozi yakimlenga. "Mnyoe."

Mashine ilipoanza kunguruma, kinyozi aliuliza, "Miaka yote hiyo nani alikuwa anamchana?"

"Hakuna. Bibi alikuwa anampapasa tu jioni, akisikiliza redio."

"Anampapasa vipi? Hebu nionyeshe."

Msomi akanyoosha vidole hewani. Bibi hufanya hivi: hutenganisha manyoya, hushuka mpaka ngozini, husuguasugua kitu kati ya kidole gumba na cha shahada, huvuta taratibu, kisha hutia mkono mfukoni mwa sweta. Hapo Msomi aliganda. Mfuko wa sweta! Mama yake alikuwa akilalamika kila siku ya kufua kwamba Bibi anajaza mifuko takataka nyeupe. Wote walidhani ni karatasi laini zilizosagika.

"Kumbe mlikuwa na fundi humo ndani," kinyozi alisema akicheka, "na mkadhani ni mapenzi matupu."

Jumamosi Bibi aliketishwa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Msomi alimweka Pamba pajani mwa Bibi, mbwa sasa mwembamba, wa rangi ya waridi, masikio makubwa ghafla. Vidole vya Bibi vilishuka mgongoni, vikarudi, vikakosa pa kuingia.

"Huyu si wangu," alisema polepole.

Msomi akafungua kinywa aeleze. Lakini Pamba alikitumbukiza kidevu chake katikati ya kiganja cha Bibi, mahali pake pa siku zote, akashusha pumzi ndefu.

"Ala! Kumbe ni wewe? Nani amekuvua nguo?"

Msomi akasema yote, bila kujitetea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlipomchana alilia?"

"Alilia, Bibi. Halafu akanilamba mkono."

"Basi ulifanya vyema kumnyoa. Ungeendelea kumvuta ili mimi nifurahi, hapo tungegombana kweli."

"Mbona hukuwahi kuniambia kwamba ulikuwa unamchana?"

"Kwani nilijua ninachana? Nilikuwa namkuna. Nikikuta fundo, nafungua. Wewe ukikuta uzi umesokotana kwenye nguo ya mtoto, utauacha?" Bibi akaushika mkono wa mjukuu wake, akaulaza juu ya mgongo wa Pamba. "Njoo. Vidole vyangu vimekuwa vizito huko nilikotoka. Ingiza mpaka ngozini."

"Lakini hana hata manyoya, Bibi!"

"Ndiyo vizuri. Yakianza kuota yakukute hapo. Mfuko unao?"

Gauni la Msomi halikuwa na mfuko. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote mikono kiunoni, aliingia chumbani, akarudi na sweta la zamani la Bibi, akamtupia bintiye begani.

"Vaa," alisema. "Na ole wako nione unywele mmoja kwenye kochi langu."