Kilo Nane za Mke Wangu

Mimi si mtu wa kutulia, na yeyote aliyewahi kushonewa nguo kwangu anajua. Chai nakunywa nikizunguka, kitambaa nakata huku nachungulia barabarani, na nikikaa kwenye cherehani miguu inataka kukanyaga hata kama sijatia uzi. Mke wangu husema aliolewa na feni. Sasa mtu kama mimi akaambiwa asubiri wiki kumi na mbili.

Habari ilianza na mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka kabisa. Mara tatu kwa wiki alilala hospitalini saa nne nzima, damu inatoka, inasafishwa na mashine, inarudi mwilini. Ndugu walipimwa wote, akaonekana anayemfaa ni mmoja tu, dada yake. Daktari wao, mama mmoja mpole asiyepoteza maneno, akampandisha mke wangu kwenye mizani. Kilo tisini na moja. Akasema hawezi kumpasua mtu mzima, mwenye uzito huo, kwa ugonjwa ambao si wake. Ashuke hadi themanini na tatu, arudi baada ya wiki kumi na mbili, hapo ndipo watapanga siku ya kutoa figo.

Mke wangu ni karani wa shule. Kazi yake ni kukaa, kupokea simu na kugonga mihuri, na saa nne walimu wanaagiza vitafunwa ambavyo vikifika ni vya wote. Alikuwa hajakimbia tangu tulipoachana na ujana. Lakini siku ile tumetoka hospitali alinunua raba kabla hatujafika nyumbani.

Tulianza kesho yake. Alfajiri tunatoka, tunakwenda kwa mwendo wa haraka mpaka kwenye tangi la maji juu ya kilima, tunarudi. Sukari ikaondoka kwenye chai. Mafuta tukayapima kwa kijiko. Wali ukawa upawa mmoja, na nafasi iliyobaki sahanini ikajazwa mboga za majani, tukala majani mpaka nikahisi nitaanza kucheua. Mimi sina mwili wa kupunguza, lakini sikuweza kula mkate wa siagi mbele ya mtu anayetafuna karoti. Nilijikaza.

Mizani hatukuwa nayo. Iko moja duka la dawa, lakini imewekwa mlangoni kabisa, na mke wangu aliapa kwamba hatageuka sinema ya mtaa. Basi tukakubaliana kwamba sketi yake nyeusi ya kazini ndiyo itasema. Niliishona mwenyewe, naijua mshono kwa mshono. Kila Jumamosi aliivaa mbele yangu, nikaingiza vidole kiunoni kuona vinaingia vingapi.

Wiki ya kwanza kiliingia kimoja. Ya tatu viliingia viwili, akacheka mpaka machozi, akampigia simu mdogo wake kumwambia aanze kusafisha chumba cha figo, mgeni yuko njiani. Wiki ya nne, viwili. Ya tano, viwili. Alikuwa anapanda kilima kile kila siku, anahema, anatokwa na jasho, na sketi imemgomea. Jumamosi ya sita aliivua, akaenda jikoni, akakata mkate vipande vinne na kuvila amesimama, kimoja baada ya kingine, akitazama ukuta. Nikamuuliza kama kesho tutatoka. Akasema miguu inamuuma.

Jumatatu alikwenda kazini na gauni. Sketi ilibaki imetundikwa nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa chumba cha mbele ninakoshonea, na suruali tatu za watu za kumaliza, na sikushika hata moja. Nilizunguka chumba kile kama nimepoteza kitu.

Sasa lazima niseme jinsi ninavyofanya kazi. Nguo ya mwanamke mzima siishoni bila kuacha kitambaa cha ziada ndani, vidole viwili kila upande. Watu hunenepa, na mteja akinenepa ni afadhali arudi kwangu nimtanulie kuliko aende kununua nyingine. Sketi ya mke wangu ilikuwa na ziada hiyo yote. Nikaishusha, nikafumua pembeni na kwenye mkanda wa kiunoni, nikaipa nafasi ya nusu kidole, nikaishona tena, nikaipiga pasi ya nguvu mpaka mstari wa mshono wa zamani ukafifia. Kazi ya robo saa. Nikairudisha nyuma ya mlango kama ilivyokuwa.

Jumanne akaivaa. Nilimsikia chumbani ameacha kutembea. Kisha akaniita, akanishika mkono akaupeleka kiunoni, na uso wake ulivyokuwa siwezi kuusimulia. Kesho yake tulikuwa kwenye kilima kabla jogoo hajamaliza. Nilijipongeza moyoni. Mganga gani angempa dawa nzuri kama ile?

Nikarudia wiki ya saba. Nikarudia ya nane. Kila mara kidogo tu, asishtuke.

Siku moja katika wiki hiyo ya nane shemeji alipita kazini kwangu. Alikuwa ametoka kwenye mashine, mkono umefungwa bandeji, midomo mikavu kwa sababu maji anaruhusiwa chupa moja ndogo kwa siku. Alileta suruali mbili nimpunguzie. Nilipomzungushia tepu kiunoni ilinibidi niirudishe na kupima upya, sikuamini. Aliniona, akatabasamu, akasema wamegawana na dada yake, wote wanapungua. Halafu akauliza anaendeleaje. Nikamwambia vizuri sana. Nilizishona zile suruali jioni hiyohiyo, nikakosea mguu mmoja, nikafumua, nikakosea tena.

Wiki ya tisa ndiyo inayoninyima usingizi. Mke wangu aliingia kwenye sketi, ikamzunguka, akasema, "Mimi nimeshafika, fundi. Nimefika kabla ya muda." Akawa na furaha ya mtu aliyemaliza mtihani. Asubuhi moja mvua ilinyesha hatukutoka. Asubuhi nyingine hakukuwa na mvua na hatukutoka vilevile. Upawa wa wali ukawa mmoja na nusu, kisha pawa mbili, kwa sababu alikuwa na akiba, alisema, anaweza kujipa raha kidogo. Sukari ikarudi kwenye chai kwa mlango wa nyuma.

Nami nilijua. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba hajafika. Neno moja lingetosha. Nilifungua mdomo mara nyingi, nikauliza kuhusu bei ya nyanya. Nilijiambia sitaki kumvunja moyo. Nikajiambia kilo zenyewe huenda zimeshuka hata kama sketi haikusema. Mchana sikukaa, usiku niligeukageuka mpaka akanihamishia ukutani.

Siku ya hospitali ilifika. Alivaa sketi nyeusi makusudi, na ilimpwaya. Shemeji alikuwa kwenye benchi la nje, kanyoa ndevu. Mke wangu alivua viatu, akapanda mizani kwa madaha. Muuguzi akasoma kilo themanini na sita. Mke wangu akasema mizani hiyo imeharibika. Muuguzi akampandisha kwenye nyingine. Themanini na sita na kidogo.

Daktari hakumgombeza. Alimsifu kwa tano alizopunguza, akasema tatu zilizobaki hawezi kuzifumbia macho, akampa wiki nane nyingine. Tulipotoka, mke wangu alimpita mdogo wake kwenye benchi akamwambia bado kidogo, na shemeji akasema hakuna shida, dada, hakuna shida. Alisema mara mbili hivyo. Kisha akaketi tena, maana zamu yake ya mashine ilikuwa mchana huo.

Nyumbani mke wangu hakuketi. Aliivua sketi palepale sebuleni, akaigeuza ndani nje, akaenda nayo dirishani. Ameishi na fundi miaka ishirini na miwili. Aliukuta uzi mpya, aliukuta mstari wa zamani niliodhani nimeuua kwa pasi, akapitisha ukucha juu yake kutoka kiunoni hadi nyongani.

"Mara ngapi?" aliuliza.

Nikasema tatu. Nikaeleza haraka haraka ile Jumamosi ya mkate, jinsi alivyokuwa amekata tamaa, jinsi nilivyotaka tu ainuke. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya kwanza nimeielewa," akasema. "Ya pili pia. Sasa nieleze wiki ya tisa. Unaniona napakua wali, unaniona nimelala mpaka jua limetoka, na unajua. Hapo ulikuwa unanitia moyo gani?"

Nilizunguka meza. Akaniambia nisimame. Nikasimama, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kilima.

"Nilitaka ushindwe," nikamwambia.

Sikuwa nimejiambia hivyo hata mimi. Lakini lilipotoka nilijua ni kweli, na mengine yakafuata yenyewe. Nilimwambia kwamba tangu siku ya kwanza ninaona kitanda chenye magurudumu kinampeleka nyuma ya mlango, mzima, haumwi chochote, na mimi nimebaki nje na mkoba wake. Nilimwambia shemeji nampenda, lakini sikuwa tayari kumtoa mke wangu kwa ajili ya mtu yeyote. Nilimwambia naogopa. Mtu wa miaka hamsini na tatu, nalia kwa kwikwi katikati ya sebule.

Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize kupangusa pua.

"Na mimi naogopa," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia. Tungeogopa wote na kilo zingeshuka. Sasa nenda kwa mdogo wangu ukamwambie kwa mdomo wako kwa nini anaongezewa miezi miwili ya sindano."

Nilikwenda kesho yake kwa miguu. Shemeji alikuwa uani kwake, kajaza maski za kuchomelea kwenye boksi, anauza vifaa asivyoweza kuvinyanyua tena. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Alikunywa funda moja kutoka kwenye chupa yake ndogo, akaangalia kimebaki kiasi gani. Kisha akasema kwamba yeye huwaza hivyohivyo kila akiwa kwenye mashine, kwamba dada yake anaweza kufa kwa ajili yake, na bado anaitaka ile figo. Akasema hajui kati yetu nani ana roho mbaya zaidi. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Mke wangu alianza upya Jumatatu, peke yake. Hakuniita. Nilikuwa nikimfuata nyuma hatua kumi, akiongeza mwendo naongeza, na wiki mbili tukapanda kilima hivyo bila salamu, watu wakidhani nimetumwa kumlinda. Sketi aliigawa. Shuleni aliwaambia walimu kwamba vitafunwa vya saa nne visipite mezani kwake, na mmoja aliyejaribu aligongewa muhuri mkononi. Akachoka, akakasirika, siku moja akaketi kwenye jiwe katikati ya njia akasema hatafika popote. Mimi sikuwa na cha kumdanganya tena. Nikaketi chini kando yake, nikamwambia hata mimi nimechoka. Tukakaa hapo dakika chache, kisha akainuka.

Kila Jumamosi alikwenda duka la dawa, mchana kweupe, mlangoni mbele ya kila mpita njia. Na sharti alinipa moja. Yeye akipanda mizani anafumba macho, namba nasoma mimi.

"Nikisikia umekosea hata nusu, tutajuana," alisema mara ya kwanza.

Nilisoma themanini na sita. Nilisoma themanini na tano na nusu. Nilisoma themanini na tano, wiki mbili mfululizo, na nilishuhudia bega lake likishuka na sikuongeza neno. Nilisoma themanini na nne.

Jumamosi ya saba kulikuwa na watu wawili kaunta na muuzaji alikuwa anatafuta chenji. Mke wangu alivua raba, akapanda, akafumba macho. Niliinama. Sindano ya mizani ilitikisika, ikapita themanini na tatu, ikarudi, ikatulia chini yake kidogo. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa anaitazama. Themanini na nne ingesikika sawa tu, wala asingeshangaa, na Jumamosi iliyofuata ningeweza kusema hivyo tena.

Miguu ikataka kunitoa nje.

"Soma," akasema.

"Themanini na mbili na nusu."

Alivuta pumzi. Hakuinama kuhakikisha. Alishuka kwenye mizani akiwa bado amefumba macho, mkono umenyooshwa mbele kunitafuta, nikamshika, na hata alipofumbua hakugeuka nyuma kuitazama sindano. Aliniomba simu ampigie mdogo wake, kisha akabadili mawazo, akairudisha mkononi mwangu.

"Mpigie wewe," akasema, akaketi mlangoni kuvaa viatu.