Kuwasemea Wageni

Fundi makochi hakuwa na mahali pa kukaa. Kutwa nzima alikuwa karakanani akikata sponji na kupigilia misumari ili makalio ya watu wengine yastarehe, na jioni akirudi kwake anakuta kochi lake mwenyewe, alilolishona kwa mkono wake mwaka aliooa, limelaliwa na wapwa wanne waliopangana kama njiti za kiberiti. Basi anasimama. Anasimama dirishani, anakwenda jikoni, anarudi, anajikuna shingo, anauliza kama kuna mtu bafuni. Kuna mtu bafuni. Siku zote kuna mtu bafuni.

Wageni walikuwa dada yake mdogo, mume wa dada na watoto wao. Mto ulifurika ukala nyumba yao, ukala shamba, ukala hata njia ya kwendea shambani, naye dada akaja kwa kaka yake, maana aende kwa nani tena? "Wiki mbili tu, kaka," alisema. Tangu hapo mvua ziliisha, jua likawaka mpaka likachoka, na sasa mawingu yalikuwa yanajikusanya upya.

Fundi alitaka waondoke. Tuseme ukweli, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila neno lenyewe lilimkwama, kwa kuwa huyu ni dada yake tumbo moja, na wale watoto walimwita mjomba kwa adabu mpaka yeye ndiye akaona haya.

Ndipo simu ikapigwa. Sauti ya kike ikamweleza kuwa amechaguliwa kwa kura kuingia Baraza la Wananchi. Fundi akajua ni matapeli, akamshauri yule mama atafute kazi ya halali. Mama akapiga tena. Kumbe baraza lilikuwepo kweli: watu wa kawaida waliookotwa kwa bahati nasibu, daktari, muuza mkaa, msusi, kila mtu na kura yake moja, na mabaraza kama hilo yalikuwa yanakutana katika nchi nyingi kujadili swali lilelile. Akakubali bila kuuliza swali ni lipi. Ukumbini, alifikiri, walau patakuwa na kiti.

Kiti kilikuwepo. Swali ndilo lililomnyima raha: watu ambao maji na ukame vimewanyang'anya ardhi yao, dunia iwapokeeje?

Meza yake ilijaa watu wema. "Milango iwe wazi!" alisema msusi, mikono juu. "Binadamu ni binadamu," akaongeza mwalimu mstaafu. Mguu wa fundi ukaanza kutikisika chini ya meza mpaka glasi za maji zikawa zinagongana.

"Nani hapa ana mgeni kwake saa hizi?" akauliza. "Sisemi wa chai. Wa kulala."

Wakatazamana.

"Basi mnagawa vyumba vya watu. Wapokelewe, sawa, lakini waambiwe mapema mwisho ni lini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na akishalima, aende zake."

Kuna walioguna, na kuna walionong'ona kwamba afadhali mmoja kasema. Pendekezo lake la kuweka ukomo likaandikwa ubaoni, lisubiri kura ya kesho yake.

Lakini baraza lilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kupiga kura, kila meza ilimtoa mtu mmoja awasemee wasiokuwepo ukumbini, na huyo alipatikana kwa kuchomoa vikaratasi koponi. Fundi akatia mkono, akatoka na neno moja: waliohama. Meza nzima ikaangua kicheko. Mwezeshaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani, hakucheka.

"Usitunge," akamwambia. "Katafute mtu anayeyajua maisha hayo, umuulize. Kipi kigumu, kipi anakificha, na angependa kwenda wapi. Kesho uje useme kama yeye."

Jioni ile alimkuta dada yake jikoni anasugua sufuria. Hakumweleza habari za baraza. Nyumbani alikuwa amesema tu "mkutano", kwani angeanzaje kueleza aliyoyatamka kule? Akaegemea mlango.

"Mdogo wangu. Hivi... mnaonaje kukaa hapa?"

Mikono ya dada ikatulia ndani ya povu. "Vizuri, kaka. Mungu awazidishie."

"Niambie kweli. Sikasiriki. Kipi kigumu?"

Dada akasugua kwanza. "Tunajitahidi tuamke kabla yenu ili mkute bafu tupu, na bado hatuwahi. Shemeji yako anatoka asubuhi kama mtu mwenye kazi, kumbe anazunguka tu mjini asionekane amekaa. Mimi sifunui chungu kabla wifi hajafunua. Na watoto nimewafundisha kucheka bila sauti. Wanaziba mdomo, yanatikisika mabega tu. Umewahi kuwasikia?"

Fundi akatafuta kichwani. Hakuwahi. Lakini lilibaki swali moja la mwezeshaji, na yeye kazi aliyoishika huimaliza.

"Na mkitoka hapa, mngependa kwenda wapi?"

Dada akaisuuza sufuria, akaifuta, akairudisha mahali pake. "Tumekuelewa, kaka," alisema kwa upole. Fundi akaenda kulala akiamini kwamba hawajawahi kuzungumza vizuri namna ile tangu utoto wao.

Kesho yake alisimama mbele ya ukumbi. "Nina watoto wanne wanaocheka bila sauti," alianza. Akasema habari za bafu na za chungu. Alipofika kwa mume anayezunguka mjini, ilibidi aanze upya mara mbili, maana hapo ndipo alipotambua kuwa nyumbani kwake walikuwemo wanaume wawili wasiothubutu kukaa. Msusi akatafuta leso. Kura zilipopigwa, ukomo ulianguka, na mwenyewe aliyeuleta alinyoosha mkono kuukataa. Wakampigia makofi. Hakungoja yaishe.

Alipitia karakanani, akachukua sponji nene aliyokuwa amemwekea mteja, akajitwika kichwani. Watoto walale kwenye godoro lao. Njia nzima alikuwa anajizoeza neno moja tu, kaeni, na moyo ulimwenda mbio kama anakwenda kuposa.

Kochi lilikuwa tupu. Mashuka yalikunjwa juu yake, pembe kwa pembe. Bafuni hapakuwa na mtu.

"Wameondoka mchana," alisema mkewe, macho mekundu. "Wifi kasema jana uliwaambia."

"Sikuwaambia! Nilimuuliza tu!"

"Ulimuuliza watakwenda wapi, baba watoto. Ulitaka asikie nini?"

Akapiga simu. Dada alipopokea, nyuma yake zilisikika honi na kelele za wachuuzi.

"Rudini, mdogo wangu. Hukunielewa. Lilikuwa swali la baraza."

"Usijisumbue, kaka. Akufukuzaye hakwambii toka. Mama alitufundisha wote wawili." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi. "Miezi yote unasimama ndani ya nyumba yako mwenyewe. Tulikuwa tunakuona."

Kweli tupu. Alikuwa amewafukuza kila siku kwa miguu yake, isipokuwa jana.

"Na huo mkutano wenu umeishaje?" aliuliza dada, kama mtu anayetafuta neno la kuagia.

"Tumepitisha wapokelewe. Bila ukomo."

"Akina nani?"

"Wageni."

"Hongereni," akasema dada.

Huko nyuma mpwa mmoja akasema jambo ambalo fundi hakulikamata, na watoto wote wakacheka. Walicheka kwa nguvu, katikati ya honi, bila kuziba mdomo. Fundi alisimama sebuleni na sponji kichwani na simu sikioni, akisikiliza mpaka laini ikakatika. Ilikuwa mara ya kwanza mjomba wao kujua kwamba kila mmoja ana kicheko chake.