Kidole cha Bi Mashavu

Jumatatu, saa nne asubuhi, Thuwaiba aliketi katika afisi ya hoteli moja ya Mji Mkongwe, akichapa, kutoka kwenye rasimu ya mwenye hoteli, maelezo ya nyumba hiyo kwa ajili ya ubao wa mlangoni. Alipofika mstari wa sita, kishale kikaruka. Alikuwa akiandika "bustani", na herufi tatu za mwisho zikaangukia mstari wa tatu, baina ya "watoto wote wanne walilelewa na" na "mama yao". Akazifuta. Kishale kikaruka tena, pale pale.

Hadi Alhamisi alikuwa hajavuka mstari wa sita, akaipeleka laptopu kwa Mudrik, fundi wa Mkunazini. Mudrik alimwambia maradhi hayo ni ya kawaida: mtu anapochapa, kiganja hugusa pedi ya kuongozea kishale iliyo chini ya kibodi, mashine ikadhani imeamrishwa. Akaisafisha pedi kwa spiriti. Akaizima isifanye kazi wakati wa kuchapa. Akaweka programu mpya. Kishale kikaruka. Mwisho akaifungua laptopu na kuuchomoa waya wa pedi kabisa, na kishale kikaruka vile vile.

Mudrik akaiinamisha mashine kwenye mwanga. Juu ya pedi palikuwa na alama ya kidole, nyeupe kwa unga wa mchele.

"Umekula vitumbua?"

"Nimefunga, leo Alhamisi."

"Basi haijaharibika," Mudrik alisema, akiurudishia waya. "Kuna mtu anaitumia. Muulize anataka nini."

Alasiri, afisini, Thuwaiba alimkuta mtu huyo amekaa kwenye kiti cha wageni, kidole juu ya pedi. Alimjua kwa picha iliyokuwa mezani kwa Sleiman, mwenye hoteli: yaya wa nyumba hiyo, mwanamke wa Jambiani aliyevaa kanga, mtoto mmoja mgongoni na watatu miguuni. Mtoto wa mgongoni ndiye Sleiman. Mwanamke mwenyewe alikuwa amefariki miaka kumi na moja nyuma.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Mie kusoma sijui. Lakini Sleiman aliyasoma hayo maneno kwa sauti, nikasikia pahala mliponiruka."

Akapagusa. Thuwaiba akafuta "mama yao", akaandika: "Mashavu binti Jecha wa Jambiani." Kisha akachapa mpaka mwisho, bustani na kila kitu, na kishale hakikutikisika.

Sleiman alipoingia, alimbusu Bi Mashavu mkono na kumuuliza mbona amekonda. Yeye akamgusa paji la uso, kama alivyozoea kufanya kila mtoto huyo aliporudi kutoka chuo cha Kurani, kisha akamwacha asome. Sleiman alisoma mstari wa tatu, akausoma tena.

"Ni kweli," alisema. "Mama alikuwa mgonjwa, hata kushuka chini hakuweza. Lakini ndugu zangu wa Maskati wameshayakubali maneno ya mwanzo. Watasema namvunjia mama heshima." Akamgeukia. "Wewe nafasi yako kwetu unaijua, Bi Mashavu."

"Naijua. Chumba cha nyuma ya jiko, karibu na kisima."

Alilisema hilo kwa upole, akimtoa uzi uliogandia kwenye kola. Sleiman alitazama chini. Halafu akalifuta jina mwenyewe, herufi moja moja, akarudisha yaliyokuwapo. Bi Mashavu aliuondoa mkono wake kwenye pedi ili asimsumbue. Tangu Sleiman alipokuwa mdogo, hakuwahi kumnyima kitu.

Ubao ulitundikwa wiki iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa.

Bi Mashavu hakuacha kuja. Thuwaiba alinunua kipanya kwa Mudrik, akafanya kazi kwa hicho, na pedi akamwachia yeye. Kuna siku anachapa barua huku Bi Mashavu akimhadithia mwani wa Jambiani, au homa ya Sleiman ya mwaka fulani, na kishale kikienda kutembea, Thuwaiba hukingoja kirudi. Sleiman ameamrisha apelekewe chai ya tangawizi kila alasiri, sukari vijiko vitatu, na akipata nafasi huja kuinywa naye.

Magharibi ikikaribia, Bi Mashavu hushuka ngazi kwenda zake. Mlangoni mara nyingi huwa pana wageni, wamesimama wakisoma jinsi watoto wanne wa nyumba hii walivyolelewa na mama yao. Yeye huwangoja wamalize kupiga picha, ndipo akapita.